Mbegu Hazioti, Miche Inalala: Kutafuta Chanzo cha Tatizo katika Bustani ya Wanafunzi

Bustani ya wanafunzi ikionyesha dalili mbaya, kitu cha kwanza kushikwa ni ndoo ya maji. Mche umelegea, maji. Majani yamegeuka njano, maji. Mbegu haijaota, maji tena, na kesho yake kundi lenye zamu linaongeza mengine kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba jana palimwagiliwa. Mwongozo huu unaomba jambo moja: kabla ya kufanya chochote, tafuteni dalili ya pili. Ile ya kwanza, inayoonekana mtu akiwa amesimama, karibu kila mara ina sababu tatu au nne. Ya pili hupatikana kwa kuinama, kufukua au kupasua, na ndiyo inayozitenganisha sababu hizo.

Vifaa si vingi: kijiko cha kufukulia, kioo cha kukuzia, rula, kipimajoto, wembe anaoushika mwalimu, na daftari linalobaki bustanini. Na kidole. Kichomekeni ardhini hadi kiungo cha pili, maana uso wa udongo hudanganya: juu unaweza kuwa vumbi na sentimita tano chini ukawa tope.

"Mwalimu, hakuna kilichoota"

Kwanza hakikisheni kwamba kweli mmechelewa. Katika udongo wenye joto la kutosha, figili huchomoza baada ya siku 3 hadi 5, maharage siku 5 hadi 10, nyanya wiki moja au zaidi kidogo. Pilipili hoho huweza kuchukua wiki mbili na zaidi, na karoti hadi wiki tatu. Wanafunzi waliopanda karoti siku moja na wenzao wa figili hukata tamaa mapema bila sababu.

Kama muda umepita, msikisie. Fukueni mbegu mbili au tatu, muziweke juu ya karatasi nyeupe na kuzitazama kwa kioo. Kila hali mtakayoikuta ina maana yake.

Mbegu ni ngumu na kavu, kama ilivyotoka kwenye pakiti. Maji hayajaingia. Ama udongo ulikauka pale mbegu ilipo ingawa juu ulilowa, ama ganda halipitishi maji. Bamia na baadhi ya mimea ya jamii ya kunde wana maganda ya namna hiyo. Chukueni mbegu kadhaa mzisugue kidogo kwa msasa upande ulio mbali na kitovu, kile kidoa ambako mbegu ilishikana na ganda la tunda, kisha mziloweke usiku mmoja pamoja na nyingine ambazo hazikusuguliwa. Asubuhi zile zilizosuguliwa zikiwa zimefura na zile nyingine ziko vilevile, jibu mmeshalipata.

Mbegu imefura lakini haijatoa mzizi. Hapa wengi huteleza, wakidhani kufura ni dalili ya uhai. Sivyo. Hatua ya kwanza ya kuota ni maji kupenya kwenye tishu kavu, na hilo ni tendo la kifizikia tu. Mbegu iliyokufa nayo hufura. Kwa hiyo bado kuna sababu kadhaa mezani: mbegu imekufa, imelala, au mazingira hayafai. Pimeni joto la udongo kwenye kina cha mbegu, si joto la hewa. Maharage husuasua udongo ukiwa chini ya takriban 15°C. Saladi ina tabia ya kinyume: joto likizidi takriban 30°C hugoma, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Isitoshe, aina nyingi za saladi huhitaji mwanga ili ziote, hivyo aliyezifukia kwa sentimita mbili za udongo amezizuia mwenyewe. Saladi hutandazwa juu na kunyunyiziwa udongo mwembamba tu.

Mbegu ni laini, imebadilika rangi, inanuka. Imeoza, na mara nyingi chanzo ni maji kupita kiasi. Elezeni sababu kwa wanafunzi, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo zima la kuota. Mbegu iliyoamka hupumua. Inavunja wanga na mafuta iliyoyaweka akiba, na kazi hiyo hudai oksijeni. Udongo mzuri una nafasi zilizojaa hewa kati ya chembe zake. Mkizijaza maji, oksijeni haifiki kwa kasi inayotakiwa, kwa kuwa ndani ya maji gesi hiyo husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mbegu inakosa pumzi huku imezungukwa na kile tunachodhani ni uhai wake. Kisha bakteria na ukungu humalizia kazi.

Mbegu imetoa mzizi, na shina limejikunja chini ya udongo. Imepandwa ndani mno, au uso wa udongo umeganda. Kanuni inayotumika sana ni kupanda kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Harage linastahimili sentimita 3 hadi 4. Mbegu ya figili inatosheka na moja. Chunguzeni umbo la shina: harage huchomoza likiwa limejipinda, mgongo mbele, likivuta nyuma yake yale majani mawili manene ya mbegu. Ukoko wa udongo ukiwa mgumu, shingo hiyo hukatika na majani ya mbegu hubaki chini. Mahindi hayana shida hiyo sana, maana chipukizi lake limefunikwa na ala yenye ncha inayotoboa udongo, na chakula chake hubaki chini pamoja na punje. Njegere pia huacha majani yake ya mbegu ardhini, kwa hiyo mwanafunzi akilalamika kwamba "njegere zangu hazikutoa majani manene kama maharage", hakuna kilichoharibika.

Mbegu haipo. Ndege, panya au sisimizi. Wekeni wavu.

Kuna swali ambalo lazima mtoto mmoja aliulize: labda niliipanda kichwa chini? Mbegu haijali. Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Knight alifunga mbegu kwenye gurudumu lililozungushwa na maji, na mizizi ikaelekea nje, upande ambao nguvu ya mzunguko ilikuwa ikisukuma, huku machipukizi yakielekea katikati. Mzizi hufuata mvuto. Jaribio dogo la darasani: bananisheni maharage kati ya karatasi yenye unyevu na ukuta wa chupa ya kioo, kila moja likielekea upande wake. Mizizi ikishatoka, ilazeni chupa ubavu, mtaona ncha zinavyojipinda upya ndani ya siku moja au mbili.

Na sasa uhai wa mbegu zenyewe. Zikiwa zimehifadhiwa vizuri, mbegu za kitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili. Za nyanya huweza kudumu miaka minne na zaidi. Zote huharibika haraka zikikaa kwenye joto na unyevu, na dirisha la darasa ni mahali pabaya kuliko pote. Pimeni hivi: funikeni mbegu kwenye karatasi laini iliyolowa na kukamuliwa, mzitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa nusu, mziweke mahali penye joto, mhesabu zilizotoa mzizi baada ya wiki moja. Zilizoota gawanya kwa zilizowekwa, zidisha kwa 100. Tumieni mbegu 50 kama zipo. Ukitumia 10, mbegu moja tu inabeba asilimia 10 nzima, na makundi mawili yatabishana kuhusu tofauti isiyo na maana yoyote.

Mkishafanya hivyo, pandeni safu moja ya ziada na mwiandikie kibao: SAFU YA KUFUKUA. Wanafunzi watafukua tu, mkatae msikatae. Mzizi mchanga ukiguswa na kurudishwa mara kwa mara hukatika ncha. Afadhali udadisi huo upewe mahali pake.

Zimeota, lakini kwa mafungu

Chora ramani ya kitalu na uweke nukta kila palipo na mche. Mpangilio wenyewe husema. Pembezoni patupu na katikati pamejaa: kingo zinakauka kwanza. Miche imerundikana upande mmoja wa mteremko: maji yalimwagwa kwa nguvu yakabeba mbegu. Mapengo yaliyotawanyika ovyo: mbegu zenyewe, au mikono tofauti iliyopanda kwa vina tofauti. Hili la mwisho ndilo la kawaida zaidi bustani inapopandwa na darasa zima.

Miche imeanguka usiku

Jana ilisimama, leo imelala. Piga magoti utazame shingo, pale shina linapokutana na udongo.

Shina likiwa limenywea na kuwa jembamba kama uzi, lenye maji na rangi ya kahawia, huku majani ya juu bado mabichi, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Husababishwa na vimelea kadhaa vinavyoishi udongoni, wakiwamo Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Pythium hasa anafaa kufundishiwa: anafanana na fangasi lakini si fangasi wa kweli, na spora zake zina mikia midogo ya kuogelea. Udongo uliojaa maji kwake ni barabara. Ndiyo maana kinyausi huenea kwa duara, ukianza na miche miwili na siku iliyofuata ukachukua kiganja kizima cha trei.

Mche ulioanguka kwa kinyausi hauponi, na kupoteza muda kuutibu hakuna faida. Ondoeni ulioanguka pamoja na udongo wake, acheni uso ukauke, punguzeni msongamano, fungueni vifuniko ili hewa ipite. Kwa awamu inayofuata tumieni mchanganyiko mpya wa kuoteshea, na vyombo vioshwe kwa sabuni kisha viloweshwe kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kazi ambayo aifanye mtu mzima. Mwagilieni kutokea chini: wekeni trei kwenye beseni lenye maji kidogo, muiondoe uso ukianza kulowa.

Shina likiwa limekatwa safi, na kipande cha juu kimelala pembeni au kimetoweka, mtafuteni sota. Pekua udongo kuzunguka kisiki, sentimita chache tu chini, utakuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja kama herufi C. Hula usiku, mchana hulala pale pale alipofanyia kazi. Pete ya karatasi ngumu iliyozamishwa kidogo ardhini kuzunguka kila mche humzuia.

Shina likiwa na kovu jeupe lililokauka upande mmoja tu, hasa kwenye udongo mweusi wenye jua kali, limeunguzwa na joto la uso wa udongo. Matandazo mepesi yanatosha.

Tofauti ya hizi tatu hujulikana kwa kutazama, lakini kila mara nimeona darasa zima likikimbilia neno "wadudu" kabla ya mtu hata mmoja kuinama.

Miche mirefu, myembamba, iliyopauka

Hii ni njaa ya mwanga. Mche ulio gizani hutumia akiba ya mbegu kurefusha shina ili ulifikie jua, hauhangaiki kutengeneza majani mapana wala umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Chini ya ardhi mkakati huo ni sahihi kabisa. Kwenye kona ya darasa unaua.

Kama miche imeinamia dirishani, kuna somo la ziada. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa machipukizi ya nyasi: walipoifunika ncha kwa kofia isiyopitisha mwanga, chipukizi halikuinama, walipofunika sehemu ya chini na kuiacha ncha wazi, liliinama kama kawaida. Ncha ndiyo inayohisi, lakini panapopinda ni chini yake, hivyo lazima kuna ujumbe unaoshuka. Ujumbe huo leo tunaujua kuwa homoni ya oksini, ambayo hukusanyika upande wa kivulini na kurefusha seli za huko. Karatasi ndogo ya fedha, ile ya kufunikia vyakula, inatosha kulirudia jaribio hili kwa mahindi machanga.

Kugeuzageuza vyungu huondoa kuinama, hakuondoi urefu. Dawa ni mwanga mwingi zaidi. Taa za LED au za mirija zikitumika, zikae karibu, sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Taa ya darini haisaidii kitu.

Lakini ipo hali inayowachanganya wengi: miche iko nje, juani, na bado imekuwa mirefu. Tazameni nafasi kati yake. Majani hufyonza mwanga mwekundu na kuuachia ule mwekundu uliokithiri (far-red), ambao macho yetu karibu hayauoni, upite au urudi. Mche una kihisio kinachopima uwiano wa mianga hiyo miwili, na ukipungukiwa na mwekundu "unajua" kwamba jirani yuko karibu, hata kabla ya kufunikwa na kivuli chake. Unaanza kukimbilia juu. Punguzeni miche: ng'oeni ya ziada ingali midogo, au mkate kwa mkasi usawa wa udongo ili msitikise mizizi ya inayobaki. Wanafunzi huona huruma kufanya hivi. Wapeni kazi ya kulinganisha kipande kilichopunguzwa na kisichopunguzwa, huruma itaisha yenyewe.

Nyanya iliyorefuka inaokoleka, kwa kuwa shina lake hutoa mizizi likifukiwa: ipandikizeni ikizama hadi karibu na majani ya kwanza. Msijaribu hivyo kwa maharage.

Imepandikizwa, imenyauka

Kuna kidole? Kitumbukizeni. Udongo mkavu na jani limelegea: maji. Udongo umelowa na jani limelegea: mizizi haifanyi kazi, ama ilikatika wakati wa kuhamishwa, ama imeoza, na maji zaidi yatamalizia. Wekeni kivuli siku chache ili majani yapoteze maji kidogo hadi mizizi mipya ichomoze. Majani yenye mabaka meupe makavu siku mbili baada ya kutoka ndani yameunguzwa na jua. Miche hiyo haikuzoeshwa. Itoeni nje kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, mkianza na saa chache kivulini.

Majani ya njano

Hapa ndipo uganga mwingi hufanyika, kila mtu na mbolea yake. Msiulize "inakosa nini?" kwanza. Ulizeni: njano iko wapi?

Kama ni yale majani mawili ya kwanza ya mbegu, na majani mengine ni kijani, acheni. Yametoa akiba yake, kazi yake imekwisha, yatadondoka.

Kama njano inaanza na majani ya chini na kupanda juu, jani zima likipauka kwa usawa, mshukiwa ni naitrojeni. Mmea ukikosa naitrojeni huinyofoa kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machanga. Kinachowezekana kwa naitrojeni hakiwezekani kwa madini ya chuma: chuma kikishawekwa kwenye jani hakihami kirahisi. Ndiyo maana upungufu wa chuma hujionyesha juu, kwenye majani machanga, mishipa ikibaki kijani na nafasi kati yake ikiwa njano. Mwanafunzi akishika kanuni hii moja, ya kinachohama na kisichohama, hahitaji kukariri jedwali. Magnesiamu huhama: njano kati ya mishipa, lakini kwenye majani ya chini. Potasiamu huhama: kingo za majani ya chini huonekana kama zimeunguzwa. Kalsiamu haihami: ncha changa hukunjamana na kufa.

Rangi ya zambarau upande wa chini wa majani huashiria fosforasi, ila mara nyingi udongo ni baridi tu na mizizi haiwezi kuinyonya. Na aina nyingine za mimea ni zambarau kwa asili; someni pakiti kabla ya kutoa hukumu.

Upungufu kwenye jani si lazima uwe upungufu kwenye udongo. Chuma kinaweza kujaa tele, lakini pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikipanda juu ya 7 kikawa katika hali ambayo mizizi haiwezi kukichukua. Udongo uliofurika hutoa picha hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua mbolea, ng'oeni mche mmoja mgonjwa na mmoja mzima, muoshe mizizi kwenye bakuli la maji na kuilaza bega kwa bega. Mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo. Mizizi iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta kwa vidole ngozi yake huchomoka na kuacha uzi mwembamba katikati. Ukiona uzi huo, tatizo lako ni maji na hewa; mbolea itaongeza madhara.

Kwa maharage kuna hatua nyingine, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwenye bustani. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, mizizi yake inapaswa kuwa na vinundu vyenye ukubwa wa kichwa cha pini na zaidi. Ndani wanaishi bakteria wa rizobia, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia. Kata kinundu kwa wembe. Ndani pakiwa pa waridi au pekundu, kinafanya kazi: rangi hiyo ni ya protini inayofanana na ile ya damu yetu, inayodhibiti oksijeni ili isiharibu kimeng'enya cha bakteria. Pakiwa peupe au kijani, hakifanyi kazi, bado kichanga au kimezeeka. Hakuna vinundu kabisa? Labda udongo haujawahi kupandwa maharage na bakteria wake hawapo. Au kuna kundi lililomwaga mbolea ya naitrojeni kwa wingi. Mmea uliopata naitrojeni ya bure hauna sababu ya kuwalisha wapangaji, na vinundu hupungua.

Wanafunzi wengi wakifika hapa huwa wamejenga wazo kwamba mmea hula udongo. Wapeni hesabu ya mwanasayansi wa kale Jan van Helmont, iliyochapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake. Alipanda mche wa mwerebi kwenye takriban kilo 90 za udongo mkavu, akaumwagilia kwa miaka mitano. Mti uliongezeka kilo 74 hivi. Udongo ulipungua gramu 57 tu. Alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji, na hapo alikosea, kwa kuwa hakujua habari ya kaboni dioksidi na usanisinuru. Lakini waulizeni wanafunzi: kama uzito karibu wote unatoka kwenye maji na hewa, kwa nini jani hugeuka njano kwa kukosa madini yanayopimwa kwa gramu? Waache wabishane. Umbijani hautengenezwi bila naitrojeni na magnesiamu, na bila umbijani hakuna kaboni itakayonaswa.

Majani tele, matunda hakuna

Naitrojeni nyingi mno, kivuli, au uchavushaji ulioshindikana. Mbili za kwanza hujulikana kwa kutazama kama kuna maua: hakuna maua, rudini kwenye mbolea na mwanga. Kama maua yapo lakini yanadondoka, ni uchavushaji au joto. Chavua ya nyanya huharibika mchana ukizidi takriban 32°C, au usiku ukiwa wa joto mno.

Kwenye maboga, subirini kabla ya kulalamika. Maua ya kwanza kwa kawaida ni ya kiume, na yataanguka tu. La kike hujulikana kwa kiboga kidogo kilicho nyuma ya petali tangu kabla halijafunguka. Kama kiboga hicho kinageuka njano na kunyauka, nyuki hawakufika: chumeni ua la kiume asubuhi, likiwa limefunguka, mng'oe petali zake na kulipaka katikati ya la kike. Funikeni moja kwa mfuko wa wavu bila kulichavusha ili liwe la kulinganishia.

Mahindi yenye mapengo kwenye gunzi husomeka kama barua. Kila uzi wa ndevu umeungana na kiini kimoja cha punje. Uzi usiopata chavua hauzai punje. Safu moja ndefu, upepo ukipita ubavuni, chavua yote inaenda kwa jirani. Pandeni kwa mraba, angalau safu nne fupi.

Nyanya yenye kitako cheusi kilichobonyea haina ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika kwenye tunda, na kwa kuwa husafiri na maji, chanzo cha kawaida ni kumwagilia kwa vipindi: kukavu siku nne, mafuriko ya tano. Karoti yenye miguu miwili ilikutana na jiwe au ilihamishwa. Figili yenye majani bila kiazi imesongamana.

"Matokeo yetu hayalingani na ya kundi la pili"

Mimea ni mizima, jaribio ndilo gonjwa. Ulizeni kwanza vyungu vilikaa wapi. Kundi lililotia mbolea likiweka vyungu vyake vyote dirishani na kundi la kulinganisha likaweka vyake mezani, hakuna mbolea iliyopimwa hapo. Changanyeni vyungu, mvibadilishe nafasi, na kila hali iwe na vyungu vitano au zaidi. Mche mmoja unaweza kufa kwa sababu zake mwenyewe. Lebo ziandikwe kwa penseli, wino hufutika kwa maji. Badilisheni kitu kimoja tu.

Kisha ulizeni walipima nini. Urefu ndio kipimo kinachopendwa, na ndicho kinachopotosha zaidi. Kundi lililoweka maharage kabatini litarudi na takwimu safi kwamba giza hukuza mimea kuliko mwanga, na kwa rula watakuwa sahihi. Msiwasahihishe kwa maneno. Chukueni miche ya kabatini na ya juani yenye umri mmoja, muoshe udongo wote, muikaushe kwenye oveni kwa 60 hadi 70°C mpaka uzito usibadilike tena, kisha muipime kwenye mizani. Pembeni pimeni mbegu kavu za idadi hiyo hiyo. Mche wa gizani, pamoja na urefu wake wote, utakuwa na uzito mkavu mdogo kuliko mbegu ulikotoka.